Treni Imepita?

Siku ile sikuandika kitu, kalamu ilikuwa ya mchango.
Jina lako lilikaa juu ya daftari,
Hezroni Masinjisa,
na chini yake: elfu tano, elfu mbili,
debe la uwele, kuku mmoja (hajaletwa).
Leo mvua ya kwanza imegusa Kigwe
na daftari limebaki na kurasa nne tupu.
Naanzia hapo.

Saa kumi na moja alfajiri, koti la kaki,
kiporo cha ugali ndani ya kitambaa,
spana ndefu begani
kama mtoto aliyegoma kutembea.
Maili nne kuelekea Bahi, maili nne kurudi,
nati kwa nati, taruma kwa taruma.
Ulisema reli ni mgonjwa mwenye aibu:
usimuulize, mguse.
Treni ya Kigoma ilipopita usiku
sisi sote tulishtuka, vikombe vikagongana kabatini,
wewe ukakoroma.
Ilipochelewa ndipo uliamka.
Kimya ndicho kilichokuamsha.

Jumamosi ulipewa ya kupumzika.
Ukapumzika kwa kupanda mlima,
sisi watano nyuma yako, wa mwisho akilia.
Mizinga kumi na mmoja ulitundika kule,
kila mmoja ukiuita jina la mtu unayemdai.
Wa Mchungaji ulijaa kuliko yote.
Yule ndege wa asali alipoita, ulimjibu kwa mluzi,
ukamfuata ukiruka mawe kama kijana wa jando,
na sega la kwanza ukamwachia yeye, juu ya jiwe,
sisi wanao tukimeza mate.
"Ndiye mwenyeji," ulisema. "Ninyi mmealikwa."

Kiangazi ulilala uani juu ya ngozi ya ng'ombe.
Mama akisimama mlangoni na kibatari:
"Mume wangu ni mbuzi, au nyumba ina kunguni?"
Nawe, macho juu:
"Dari hili ndilo pekee sijalikopea."

Mwaka ule uwele ulipokauka ukiwa bado kimo cha goti
uliuza baiskeli, ukasema miguu haipati pancha.
Magunia mawili ya mtama yalifika usiku.
Hatukuuliza. Tulikula.
Juzi, kwenye bati la vyeti vyetu vya ubatizo,
nimeikuta barua ya onyo:
kubeba mzigo binafsi kwenye toroli ya shirika,
kukatwa mshahara wa siku tisa.
Umeikunja mara nne, vizuri,
kama mtu anayetunza cheti cha tano.

Hukuwa mtu wa maneno matamu, tusidanganyane.
Mwiba wa mgunga uliponiingia kisiginoni
uliutoa kwa mwiba mwenzake
huku ukinigombeza kwa kutazama mawingu,
wewe, mtazama mawingu mkubwa wa Ugogo nzima.

Uzeeni Yeremia alikuchukua Ilazo,
nyumba ya vigae, geti, feni.
Ukateleza mara mbili, ukahamia kibarazani.
Akakupandisha treni ya umeme hadi Morogoro,
ukae dirishani, ufurahi.
Ulitazama njia yote, hukugusa soda.
Mliposhuka uliuliza swali moja tu:
"Hii, nani anaitembelea kwa miguu?"
Yeremia alicheka.
Wewe hukucheka, ukaomba urudishwe Kigwe.

Tumekuzika upande unaosikia reli.
Walibishana kuhusu hilo, nikashinda mimi,
Damari, binti yako mbishi.

Jana usiku kitanda cha Mama kililia kila alipogeuka.
Nikatoa spana yako uvunguni,
kubwa mno kwa nati ile, ikateleza,
nikafunga kitambaa mdomoni mwake, ikashika.
Nikakaza.
Gizani Mama akauliza, kwa sauti ya usingizi,
si kwangu:
"Treni imepita?"

Nikasikiliza.
Nikasema, bado.